Nani Afungue Lango? Mafuriko ya Mito, Mabwawa na Utabiri Katika Tabianchi Inayobadilika

Udhibiti wa mafuriko papo kwa papo ni kazi ya kuamua, saa kwa saa mto unapojaa, kiasi gani cha maji kizuiliwe bwawani, kiasi gani kiachiliwe na kielekezwe wapi, kwa kutegemea vipimo vinavyoingia wakati huohuo pamoja na utabiri wa mvua ya siku zinazofuata. Kazi hiyo haifanani na ulinzi wa matuta na kuta, ambazo zikishajengwa husubiri tu maji yaje, kwa kuwa hapa ulinzi wenyewe hubadilishwa tukio likiwa linaendelea: lango hupandishwa au huteremshwa, bonde la akiba hufunguliwa, mitambo ya umeme huongezwa kazi ili ipitishe maji mengi zaidi. Mara nyingi suala hili huelezwa kama suala la vifaa, yaani vitambuzi, kompyuta na milango yenye injini. Yaliyotokea katika mto Tana wa Kenya na mto Rufiji wa Tanzania, na kabla yao katika mito ya Australia na Marekani, yanaonyesha kwamba kiini chake kiko kwingine: katika nafasi tupu iliyoachwa bwawani kabla mawingu hayajakusanyika, na katika kanuni inayotaja mwenye ruhusa ya kumwaga maji kwa ajili ya mvua ambayo bado haijanyesha.

Hesabu yake ya msingi ni nyepesi. Bwawa hujaa kwa tofauti kati ya maji yanayoingia na yanayotoka, hivyo mto ukiingiza mita za ujazo 1,000 kwa sekunde zaidi ya zile zinazotoka, bwawa huongezeka kwa mita za ujazo milioni 86.4 kila siku. Bwawa la Masinga, ambalo ndilo hifadhi kuu ya maji katika mto Tana na lilikamilika mwaka 1981, lilibuniwa kuchukua takriban mita za ujazo milioni 1,560. Ziada ya kiasi hicho ikiendelea kwa siku tatu, itahitajika nafasi ya karibu milioni 260, yaani moja ya sita ya bwawa zima. Nafasi hiyo ikiwepo, kilele cha mafuriko, maana yake kiwango cha juu kabisa cha mtiririko, hukatwa na kusambazwa katika siku nyingi zenye maji ya wastani. Isipokuwepo, karibu kila kinachoingia hutoka, na kwa mtu anayeishi chini ya bwawa, bwawa lililojaa halitofautiani sana na bwawa ambalo halikujengwa. Lipo hata jambo baya zaidi: maji yaliyozuiliwa kwa siku mbili, kisha yakaachiliwa kwa hofu siku ya tatu, yanaweza kukutana njiani na kilele cha kijito kingine kilichochelewa, na mafuriko mawili ambayo yangepita moja baada ya jingine yakawa moja kubwa.

Mto Tana ni mfano mzuri wa ugumu huo, kwa sababu mabwawa yake hayakujengwa kwa ajili ya mafuriko. Yale matano ya Seven Forks, ambayo ni Kindaruma lililokamilika mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere la mwaka 1988, yamepangwa kama ngazi katika kipande kimoja cha mto ili maji yaleyale yazalishe umeme mara tano, na Masinga lililo juu kabisa huweka akiba ya msimu wa mvua kwa ajili ya kiangazi. Kwa mwendeshaji wa mitambo, kila mita ya kina ni umeme ambao haukulazimika kuzalishwa kwa mafuta ghali, na nafasi tupu ni hasara inayohesabika kwa shilingi. Kwa mkazi wa Garissa, Madogo au Hola, nafasi hiyohiyo tupu ni ulinzi. Chombo ni kimoja, na matumizi haya mawili yanavutana ndani yake kila msimu. Mwenye kushika usukani ni yule anayehesabu umeme.

Ingekuwa rahisi kumlaumu mwendeshaji kwa kupenda bwawa lililojaa, lakini lawama hiyo haitakuwa ya haki kamili. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, Pembe ya Afrika, pamoja na sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Kenya, ilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo, jambo ambalo halikuwa na mfano katika miongo mingi ya kumbukumbu. Mtu aliyepitia ukame wa namna hiyo, akatazama maji ya bwawa yakirudi nyuma na kuacha matope yaliyopasuka, hawezi kutegemewa kumwaga maji mwezi Oktoba 2023 kwa sababu tu wataalamu wa hali ya hewa wamesema kuna uwezekano wa El Niño. Na hata ushauri wenyewe ulimfikia umevurugika. Mwezi huo Rais William Ruto aliwatangazia wananchi kwamba El Niño iliyotabiriwa haingekuwepo, na kwamba zingekuja tu mvua zilizozidi kiasi; wiki chache baadaye mafuriko yalikuwa yameua watu na kukata barabara kaskazini na pwani ya Kenya. Kosa hapo halikuwa la upimaji wa bahari wala wa mawingu. Lilikuwa la kugeuza uwezekano, ambao ni jambo la asilimia, kuwa jibu la ndiyo au hapana, na lango la bwawa haliwezi kuendeshwa kwa ndiyo na hapana.

Mvua za vuli zilipoisha ardhi ilikuwa imeshiba maji, na masika ya mwaka 2024 yakaja juu ya udongo usioweza kunywa zaidi. Mwishoni mwa Aprili mabwawa ya Seven Forks yalikuwa yamejaa na yanamwaga, na kampuni inayoyaendesha, KenGen, ilikuwa ikiwatangazia wakazi wa chini wahamie sehemu zilizoinuka. Barabara ya Garissa ilifunikwa, na tarehe 28 Aprili mashua iliyokuwa ikivusha watu eneo la Kona Punda, karibu na Madogo, ilipinduka na kuua abiria kadhaa. Kufikia mwisho wa msimu huo waliokufa kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi nchini Kenya walikaribia 300. Watu wengi wa bonde la chini waliona chanzo cha msiba wao ni kimoja tu, yaani mabwawa, ilhali jiografia ya Tana inasema jambo lenye pande mbili. Chini ya Kiambere, bwawa la mwisho, mto hupokea vijito vikubwa vinavyoteremka kutoka upande wa mashariki wa Mlima Kenya na milima ya Nyambene, vikiwemo Mutonga na Kathita, ambavyo havina lango hata moja. Mbele zaidi kuna laga, mikondo ya msimu inayokaa mikavu miezi mingi na kushuka kwa kishindo siku moja. Mwendeshaji wa Masinga anaweza kufanya kila kitu sawasawa na Garissa ikafurika vilevile. Lakini pia hawezi kufanya kila kitu sawasawa bila kujua Mutonga inaleta nini usiku huo, na maarifa hayo hutoka kwenye vituo vya kupimia maji vya mamlaka nyingine, si vya kampuni ya umeme.

Hapo ndipo vifaa vinapopata nafasi yao halali. Mfumo kamili wa udhibiti papo kwa papo una sehemu nne zinazotegemeana. Kuna vipimo: kina cha mto katika vituo vingi, mvua iliyonyesha milimani, kimo cha maji bwawani, vyote vikitumwa kwa simu au setilaiti bila kumngoja msomaji wa rula aliyepo kijijini. Kuna modeli ya mto, yaani programu inayokokotoa namna maji yatakavyosafiri kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kuna utabiri wa mvua. Halafu kuna kanuni ya uamuzi, ambayo hutafuta mpangilio wa milango wenye madhara madogo kuliko mipangilio mingine yote inayowezekana. Njia inayotumiwa na watafiti wengi leo hufanya kazi kwa kurudia: kila saa kompyuta husoma hali ya mto, hujaribu ndani yake mipangilio mingi ya saa 48 zijazo kwa mfano, huchagua iliyo bora, lakini hutekeleza hatua ya kwanza tu, saa inayofuata husoma upya na kuanza tena, ili kosa la utabiri lisahihishwe kabla halijakomaa.

Njia hiyo imejaribiwa kwa makini katika bonde la mto Demer nchini Ubelgiji, mto mdogo uliofurika vibaya Septemba 1998 ingawa tayari ulikuwa na mabonde ya akiba kama Schulensmeer na milango ya kuelekeza maji. Milango ile ilifuata kanuni za ikiwa na basi: kina kikifika alama fulani, lango lifunguliwe. Udhaifu wa kanuni ya namna hiyo ni kwamba hutazama kilichopo tu, hivyo inaweza kulijaza bonde la akiba mapema kwa maji ya kawaida, likakosa nafasi saa ambayo kilele chenyewe kinafika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven walipoirudia gharika ile katika kompyuta na kuipa milango uwezo wa kutazama mbele, maji yaliyofurika yalipungua bila kuongeza hata tuta moja. Hata hivyo Demer ni mto mfupi, wenye vituo vingi na serikali moja yenye mamlaka juu ya kila lango. Anayeuchukua mfano huo na kuupachika Tana kama ulivyo atakuwa amechukua programu na kuacha masharti yake.

Sharti gumu kuliko yote ni imani katika utabiri. Vituo vikubwa vya utabiri havitoi tena jibu moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, kwa mfano, huendesha modeli yake mara kadhaa kwa pamoja, kila mara kwa hali ya mwanzo iliyotofautiana kidogo, kikapata matokeo 51 yanayoweza kutokea, na mfumo wa dunia wa kutahadharisha mafuriko unaosimamiwa na mpango wa Copernicus huyageuza hayo kuwa mitiririko ya mito, Tana na Rufiji ikiwamo. Mhandisi akiambiwa kwamba katika matokeo 51, 30 yanajaza bwawa na 21 hayajazi, bado hajaambiwa la kufanya. Akimwaga na mvua isije, amepoteza umeme na maji ya kiangazi, na hasara yake itaonekana katika hesabu za mwaka. Asipomwaga na mvua ikaja, wengine ndio watakaopata hasara, mbali na ofisi yake. Mtu yeyote mwenye akili timamu, katika mfumo wa motisha uliopangwa hivyo, atangoja, na hakuna modeli ya kompyuta inayoweza kumbadilisha.

Kesi ya Brisbane, Australia, imeliweka swali hilo mezani kwa uwazi kuliko kesi nyingine yoyote. Bwawa la Wivenhoe lilikamilika katikati ya miaka ya 1980, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1974, nalo, tofauti na Masinga, lilipewa sehemu mbili kwa makusudi: mita za ujazo bilioni 1.165 za maji ya kunywa, na juu yake nafasi ya zaidi ya bilioni 1.4 iliyotengwa kwa mafuriko tu. Kabla ya mwaka 2010 eneo hilo lilipita katika ukame mrefu ulioyashusha mabwawa yake makubwa chini ya asilimia 20, kwa hiyo yalipojaa tena hakuna aliyetamani kuyapunguza. Januari 2011 mvua zikaja kwa mfululizo, wahandisi wakalinda madaraja ya chini na mashamba kwa siku za mwanzo, wakiamua zaidi kwa mvua iliyokwisha kugusa ardhi kuliko kwa ile iliyotabiriwa. Tarehe 11 bwawa lenyewe likakaribia kuwa hatarini, na maji yakamwagwa kwa kiasi cha takriban mita za ujazo 7,500 kwa sekunde. Siku mbili baadaye katikati ya jiji maji yalifika kimo cha mita 4.46.

Waathirika zaidi ya 6,000 walifungua kesi ya pamoja. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya New South Wales iliamua kwamba wahandisi walizembea, hasa kwa kutoutumia utabiri wa mvua kama mwongozo wao ulivyotaka; serikali ya Queensland na kampuni ya SunWater zikakubali kulipa dola za Australia milioni 440; kisha Septemba 2021 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu kwa upande wa Seqwater, mshtakiwa aliyebaki. Majaji wenye uwezo wote, wakiwa na muda wa miaka na ushahidi wa wataalamu mezani, hawakukubaliana kuhusu jambo ambalo mhandisi wa zamu alitakiwa kulikata kwa saa chache usiku wa manane. Funzo la kesi hiyo haliko katika nani alishinda. Mwongozo unaoacha mlango wazi juu ya uzito wa utabiri humhamishia mhandisi mmoja mzigo wa kisiasa, na mtu aliyebebeshwa mzigo huo kwa kawaida hutafuta uamuzi utakaomkinga na mashtaka, ambao si lazima uwe ndio unaowakinga watu na maji.

Ziwa Mendocino, kaskazini mwa California, linatoa upande wa pili. Bwawa lake lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu cha kanuni zake kiliamuru nafasi ya mafuriko ibaki tupu kila majira ya baridi, anga iwe na mawingu au isiwe nayo. Desemba 2012 dhoruba kubwa ililijaza, maji yakamwagwa kama kitabu kilivyotaka, na mwaka uliofuata ukawa mkavu kupita kiasi, wakulima na miji ya mto Russian wakibaki na majuto ya maji yaliyokwenda baharini bila sababu. Tangu hapo wataalamu wa hali ya hewa, wahandisi wa jeshi la Marekani na mamlaka ya maji ya eneo hilo waliandika upya kanuni, hatua kwa hatua na kwa majaribio ya miaka, hadi ikakubalika kwamba maji yabakizwe kama utabiri hauonyeshi dhoruba, na yaachiliwe mapema kama unaionyesha. Katika msimu wa 2019 hadi 2020 hifadhi iliongezeka kwa karibu asilimia 19 kuliko ambavyo kanuni ya zamani ingeruhusu. Utabiri uleule, kwa hiyo, unaweza kumtumikia anayeogopa ukame na anayeogopa mafuriko, ila kwa sharti kwamba makubaliano yaandikwe wakati wa jua.

Mabadiliko ya tabianchi yanaingia katika suala hili kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana: hewa iliyopata joto la nyuzi moja zaidi inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7, hivyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi hata pale jumla ya mvua ya mwaka isipobadilika. Ya pili haizungumzwi sana nje ya taaluma, nayo ndiyo inayogusa lango moja kwa moja. Miongozo ya mabwawa imeandikwa kwa kudhani kwamba miaka iliyopita ni sampuli nzuri ya miaka ijayo. Mtu hukusanya vipimo vya miaka 40 au 50, hukadiria gharika inayotarajiwa mara moja katika miaka 100, kisha huchora kimo cha bwawa cha kila mwezi. Dhana hiyo Afrika Mashariki haijawahi kuwa imara sana, kwa kuwa mvua zake huongozwa na El Niño ya bahari ya Pasifiki pamoja na hali ya Bahari ya Hindi, ambapo maji ya magharibi, upande wa pwani yetu, yanapopata joto kuliko ya mashariki, vuli huzidi kipimo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023. Sasa hata sampuli yenyewe inasogea.

Wachambuzi wa kundi la World Weather Attribution, wanaolinganisha hali ya hewa iliyotokea na ile ambayo ingetarajiwa bila joto lililosababishwa na binadamu, walikadiria kwamba joto hilo liliiongezea nguvu mvua ya vuli ya 2023 hadi maradufu, ilhali kwa masika ya 2024 waliona ongezeko la asilimia 5 tu. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili ni onyo dhidi ya kauli nyepesi. Masika yalipungua kwa miongo kadhaa hadi mwanzoni mwa karne hii wakati modeli nyingi za tabianchi zikisema yangeongezeka, na kitendawili hicho bado kina mjadala. Mpangaji hawezi kuambiwa kwa uhakika kwamba Tana itakuwa na maji mengi zaidi au machache zaidi. Anachoweza kuambiwa ni kwamba miaka mikavu na miaka ya gharika itafuatana kwa ukaribu ambao mchoro wa zamani haukuuwazia. Katika hali hiyo kimo kilichowekwa mara moja kwa miaka 50 ni hatari pande zote mbili, na uwezo wa kubadilisha uamuzi kila wiki na kila saa unakuwa na thamani kuliko tuta refu zaidi.

Rufiji inaongeza ukubwa wa jambo. Bonde lake ni takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, na zaidi ya nusu ya maji yake hutoka Kilombero, kisha Ruaha Mkuu na Luwegu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022 na mtambo wake wa kwanza ukaanza kazi Februari 2024. Kwa jumla mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115, na bwawa lenyewe huhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Tofauti na Tana, sehemu kubwa kabisa ya maji ya mto huu hupita kwenye ukuta mmoja, kwa hiyo kwa mara ya kwanza kuna mkono unaoweza kuyashika mafuriko ya Rufiji. Ziada ya mita za ujazo 5,000 kwa sekunde, ambayo ingelijaza Masinga tupu kwa siku zisizozidi nne, ingeongeza hapa mita za ujazo milioni 432 kwa siku, kiasi ambacho bwawa lenye nafasi linaweza kukimeza kwa wiki kadhaa.

Lakini Aprili 2024 bwawa halikuwa na nafasi hiyo. Lilikuwa limekaribia kimo chake cha juu, mitambo michache tu kati ya tisa ilikuwa tayari, na mtambo mmoja wa megawati 235, kwa anguko la maji la takriban mita 100, hauwezi kupitisha zaidi ya mita za ujazo 300 hivi kwa sekunde. Maji yaliyobaki yalipitia milango. Wilaya za Rufiji na Kibiti zilifurika, mashamba na nyumba zikazama. Wakazi wakalinyooshea bwawa kidole, na upande wa Serikali na TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ukajibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Bwawa linaweza kuwa limekata sehemu ya kilele, na likawa bado lingekata zaidi kama lingeingia masika likiwa na mita kadhaa tupu. Njia ya kuamua kati yao ni kuweka hadharani, kwa kila siku ya msimu ule, kiasi kilichoingia, kilichotoka na kimo cha maji. Namba tatu hizo zikisomwa na mtu yeyote, ugomvi mwingi ungekwisha au angalau ungehamia kwenye swali la maana, ambalo ni kimo gani kingefaa kuwepo tarehe 1 Machi.

Hata hivyo si sahihi kudhani kwamba lengo la lango ni kuyafuta mafuriko. Warufiji walijenga maisha yao juu ya maji yanayopanda na kushuka: kilimo cha mlau, yaani kupanda mahindi, kunde na mboga katika udongo mbichi maji yanaporudi mtoni, kiliwalisha hata miaka ambayo mpunga uliharibika. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamishia miinukoni katika vijiji vipya, ikiona kwamba bonde ni hatari. Wengi wakaendelea kurudi bondeni kulima, kwa sababu mlimani hakukuwa na udongo wa namna ile. Katika Tana nako Wapokomo hulima kingoni kwa kufuata mipando miwili ya mto kwa mwaka, na Waorma huingiza ng'ombe deltani kiangazi, kwenye nyasi zilizooteshwa na mafuriko. Samaki huzaliana katika mabwawa madogo yanayojazwa na mto, na mikoko ya delta ya Rufiji huhitaji tope na maji baridi. Mfumo unaokata kila kilele, kikubwa na kidogo, utawalinda watu na gharika inayokuja mara moja katika miaka 20 huku ukiwanyima chakula cha miaka 19 mingine. Kwa hiyo kanuni njema ya lango lazima iwe na mafuriko ya makusudi: maji ya wastani, kwa wakati unaojulikana na mkulima, yaliyotangazwa kabla. Hilo pia ni udhibiti, na pengine ndilo jaribio halisi la ustadi, kwa sababu kuzuia ni rahisi kuliko kugawa.

Mito mifupi ya mijini ni suala jingine. Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu hadi Jangwani, Dar es Salaam, hujaa kwa saa chache baada ya mvua, hauna bwawa la kuudhibiti, na muda wa kukokotoa, kuamua na kutekeleza hautoshi. Huko papo kwa papo humaanisha tahadhari ya kuwahamisha watu, na tiba iko katika matumizi ya ardhi, upanuzi wa mto na kuondoa makazi yaliyo njiani mwa maji. Anayeuza milango ya kompyuta kwa ajili ya mto wa aina hiyo anauza mapambo.

Katika mito mirefu, kinyume chake, wimbi la mafuriko huchukua siku kutoka milimani hadi deltani, na siku hizo ni utajiri usiotumika vizuri. Tahadhari inayosema kwamba mabwawa yamejaa na watu wahame haimsaidii mfugaji wa Kiorma kujua kama maji yatafika zizini mwake Jumatano au Jumamosi, wala kama yatafika gotini au kifuani; asipoyajua hayo, akahama mara mbili bila maji kuja, mara ya tatu atabaki. Ujumbe unapaswa kutaja kijiji, siku na kimo, ukapita redioni kwa lugha ya mahali, na ukawa na alama za kina zilizopakwa rangi kwenye nguzo ambazo kila mtu huziona. Gharama ya alama hizo ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kituo cha kompyuta, na huenda ndiyo sababu hazipati mfadhili.

Jambo linalobaki ni la sheria na fedha. Kila bwawa kubwa linahitaji kimo cha juu kinachoruhusiwa kwa kila mwezi, kinachopanda au kushuka kulingana na utabiri wa msimu na wa siku 10, kikiwa kimeandikwa na kutangazwa. Linahitaji mamlaka ya bonde, si mzalishaji wa umeme, yenye neno la mwisho pindi kiwango fulani cha uwezekano kinapofikiwa, kwa mfano nusu ya matokeo ya utabiri. Na linahitaji mfuko wa kumlipa mzalishaji umeme alioupoteza pale maji yalipomwagwa na mvua isije, ili tahadhari isiwe hasara ya mtu mmoja. Mhandisi aliyefuata kanuni hiyo akingwe kisheria, na aliyeikiuka ajibu. Mendocino ilichukua miaka mingi kufika hapo ikiwa na vituo vingi vya kupimia na fedha za kutosha, kwa hiyo hakuna sababu ya kutarajia njia fupi Tana au Rufiji, ila hakuna pia sababu ya kuanza na vifaa. Serikali za Kenya na Tanzania, pamoja na mamlaka zao za maji na makampuni yao ya umeme, zianze na hati ya nani afungue lango na kwa sharti gani, ziichapishe, ziijaribu kwa takwimu za misimu ya 2023 na 2024, kisha ndipo zinunue kompyuta ya kuitekeleza.